Nani Kapanda Msonobari?

14 Februari 1993

Macho wangu,

Salamu zangu nimezibana kwenye bahasha pamoja na kifurushi, kwa hiyo zikifika zimekunjamana zinyooshe mwenyewe. Mimi mzima, paa zima, hata ile sufuria uliyoiunguza kabla ya kuondoka imepona.

Barua yako nilimsomea Bi Pazia, kisha Fundi Saa, kisha Bi Pazia tena, maana mara ya kwanza alikuwa anasikiliza huku anachungulia dirishani nani anapita na nani. Nilipofika pale uliposema unaweka vumbi la maua chini ya hadubini na kujua dawa imetokana na mmea gani, Fundi Saa aliweka bisibisi chini akaniuliza, "Yaani umemsomesha miaka yote hiyo akatazame vumbi? Mbona hapa kibandani kwangu lipo, angebaki tu." Nikamwambia, wewe unatazama saa tangu ujana na bado unachelewa kila mahali. Watu walicheka mpaka mteja mmoja akasahau saa yake.

Mimi niliishia darasa la sita. Nimepikia bweni la shule mpaka nywele zikaota mvi za moshi. Lakini mtoto niliyemzaa anasoma kitu ambacho hata mwalimu mkuu nilipomtajia aliniomba nirudie. Nilirudia polepole, kwa raha zangu. Siku hizi mtaani wananiita Mama Daktari. Mimi siwakatazi, kwani mdomo ni wao.

Sasa kazi. Kifurushi hiki ni cha Bi Pazia. Ni unga anaokunywa kwa ajili ya tumbo. Muuzaji kamwambia ni maua ya mwarobaini, yeye anasema hauna uchungu wa kutosha, na dawa isiyomkunja mtu uso haiamini. Tazama utuambie. Nimeshamwahidi, usiniangushe.

Barua zako endelea kuzituma kwa sanduku la posta la shule. Karani hunipa mkononi, na mimi humwomba kwanza aisome stempu kwa sauti.

Mama yako,
Mama Daktari


9 Machi 1993

Mama,

Shikamoo. Kwanza, mimi si daktari wa watu. Waambie mapema kabla hawajaanza kukuletea vidonda.

Kifurushi kimefika. Mwambie Bi Pazia ulimi wake una akili. Nitakueleza nilivyojua, na wewe utamweleza kwa namna yako.

Kila mmea unaochanua una chavua, yaani ule unga wa manjano unaobaki kidoleni ukigusa ua. Kwa macho zote ni unga. Lakini chini ya hadubini kila chembe ina umbo lake, na mimea ya jamii moja hufanana kama ndugu. Ukisaga dawa, jani halijulikani tena ni jani la nini, ua halijulikani ni ua la nini. Chembe ya chavua yenyewe haisagiki, ni ndogo mno. Hata nikiichemsha kwenye asidi, ukuta wake unabaki. Ndiyo kazi yangu, Mama. Nachemsha, naosha, nadondoshea kwenye kipande cha kioo, natazama.

Chavua ya mwarobaini ni laini na ina mifereji minne kutoka juu hadi chini, kama chungwa lililochanjwa tayari kwa kumenywa. Kwenye unga wa Bi Pazia ipo, lakini chache. Nyingi ni za mviringo zenye miiba pande zote, za magugu ya jamii ya alizeti. Muuzaji amechanganya. Siwezi kusema dawa ipi inaponya na ipi haiponyi, hilo si langu. Naweza kusema tu ni mmea gani.

Nilimwonyesha mwalimu wangu. Si mtu wa maneno, lakini alivuta kiti akakaa. Anasema dawa za madukani wengi wamezichunguza, ila dawa zilizoko majumbani mwa watu, mtaa mmoja, nyumba hadi nyumba, hajaona aliyezifanyia kazi. Anataka iwe sura ya tatu ya kitabu changu cha shahada. Kwa hiyo nitumie vingine, kutoka kwa yeyote atakayekubali. Andika juu ya karatasi ni cha nyumba ipi na wanakitumia kwa nini.

Huku usiwe na wasiwasi. Wenzangu wa maabara ni watu wazuri, mchana tunakula pamoja.

Na lile nililokuahidi siku ya kuondoka bado liko palepale. Siku utakayoniambia uko peke yako, nafunga sanduku. Masomo yanaweza kusubiri.

Mwanao,
Macho


20 Aprili 1993

Macho wangu,

Bi Pazia alikwenda kwa muuzaji na barua yako mkononi. Hakuifungua. Alimpungia tu usoni akamwambia, "Haya maandishi yametoka ng'ambo, na humu umo wewe." Mtu wa watu alirudisha pesa na samahani juu. Tangu siku hiyo Bi Pazia anatembea katikati ya barabara.

Kifurushi cha leo ni cha Fundi Saa. Anasema ni mlonge, wa kumtuliza mkono usitetemeke. Alikileta kwa siri akitazama huku na huku, yeye aliyekucheka. Nilikipokea kwa mikono miwili na sikusema neno. Baadaye ndipo nikawasimulia wote.

Wiki iliyopita walikuja vijana wa kupima barabara, wakapaka alama nyekundu kwenye kuta zetu. Nikawaambia rangi hiyo haiendani na mlango wangu. Walicheka, wakaenda. Mambo ya serikali huanza na rangi na mara nyingi huishia kwenye rangi.

Unaniuliza kama niko peke yangu? Mwanangu, ningekuwa na nafasi ya kuwa peke yangu ningeikodisha. Asubuhi Bi Pazia, mchana Fundi Saa, jioni wote wawili na kelele zao. Soma. Usinifungie sanduku lolote.

Mama yako,
Mama wa yule anayetazama


2 Juni 1993

Mama,

Shikamoo. Nimepokea. Cha Fundi Saa ni mlonge kweli, mwambie hakuibiwa. Niko kwenye mitihani na sina hata muda wa kuchana nywele. Nitaandika vizuri baadaye.

Macho


18 Julai 1993

Macho wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, maana haikunipa nafasi ya kukaa. Sikulaumu. Mitihani ni mitihani.

Habari zako zimeenea, mwanangu, wala si mimi niliyezisambaza. Kidogo tu. Watu wanabisha hodi kabla sijanawa uso. Nimefungasha vifurushi vingi safari hii. Kuna dawa ya usingizi ya mke wa dereva wa lori, ambaye mumewe anakoroma kama lori lenyewe likipanda mlima. Kuna dawa ya kifua ya mzee mmoja anayekohoa kwa madaha, anasafisha koo kwanza kama anataka kuhutubia, halafu ndipo anakohoa. Kuna ya figo ya mama wa mapacha, na ya figo tena ya dada yake, maana katika familia hiyo hakuna anayekubali mwenzake aumwe peke yake. Nyingine nimeandika juu ya karatasi. Zote zina maua, kama unavyotaka.

Mwambie mwalimu wako mtaa wako ni mtaa mkubwa, na una wagonjwa wenye heshima zao.

Kama barua itachelewa, ni kwamba siku hizi shuleni siendi kila siku. Miguu imekuwa na maoni yake. Karani ananitunzia.

Nalala mapema. Watu wanachosha.

Mama yako,
Mama Daktari, usinikatalie


23 Agosti 1993

Mama yangu,

Shikamoo, tena shikamoo mara mbili. Sikutarajia vifurushi vyote hivyo. Vimenifurahisha mwezi mzima. Nimekaa navyo tangu vifike, natoka maabara taa za barabarani zikiwaka, wala sijali.

Ngoja nikutembeze. Dawa ya usingizi ya mke wa dereva ni ya jamii ya migunga. Chavua zake hazitembei mojamoja, zimeshikana nyingi pamoja, kama mpira wa ngozi ulioshonwa vipandevipande. Nilipouona nilicheka peke yangu. Ya yule mzee wa madaha ni dude kubwa la mviringo limejaa miiba mirefu, nduguye pamba na bamia. Mwambie kikohozi chake kinapigana na rungu. Za mama wa mapacha na dada yake zinafanana kabisa, mmea mmoja, jamii ya alizeti. Inaelekea wamechuma mahali pamoja.

Nimeanza kuandika sura. Sura ya tatu, dawa za mtaa mmoja. Nimechora ramani ya mtaa kwa kumbukumbu, nikaweka nukta kwenye kila nyumba. Wale nisiowajua nimewakisia. Dereva wa lori anakaa upande wa kisima, sivyo?

Jambo dogo limenichekesha. Katikati ya chavua za dawa kuna chembe nyingine imejitokeza. Ina mifuko miwili ya hewa, mmoja kila upande, kama uso wenye mashavu yaliyovimba kwa kupuliza moto. Hiyo ni ya msonobari. Si dawa, hupeperushwa na upepo ikatua popote, kwenye meza, kwenye maua yanayokaushwa. Lakini nani kapanda msonobari mtaani kwetu? Mimi sikumbuki hata mmoja.

Nieleze habari za mzee wa madaha. Anakaa na nani?

Mwanao anayekupenda,
Macho


30 Septemba 1993

Macho wangu,

Barua hiyo ndiyo barua. Niliisoma mpaka mikunjo ikaanza kupasuka. Bi Pazia amekaa ubavuni mwangu hapa ninapoandika, ananiambia mwandiko wangu unaegemea kama mlevi. Nimemwambia auache uegemee, unakwenda mbali.

Mzee wa madaha anakaa peke yake. Watoto wake wako mbali, lakini wanamheshimu sana. Asubuhi anatoka na kiti chake nje, anakohoa mara moja ili watu wajue yupo. Kisha anangoja. Sijui anangoja nini. Dawa yake anasema inamsaidia kifua, ila mimi naona kinachomsaidia ni kuulizwa habari za kifua.

Kuhusu msonobari usijisumbue. Mtaa umebadilika tangu uondoke, watu wanapanda vitu vya ajabu siku hizi. Labda ni yule tajiri wa nyumba ya kona. Upepo nao hauna adabu, unabeba hili unapeleka kule. Wewe andika sura yako.

Nimekutumia vingine. Vya macho, vya mgongo, na cha mtoto wa jirani anayekojoa kitandani. Huyo nimekatazwa kumtaja, kwa hiyo sijamtaja.

Andika ndefu kama ile. Hata kama hazikutosha habari, niambie zile chembe zina sura gani.

Mama yako,
Mama wa Sura ya Tatu


3 Novemba 1993

Mama,

Shikamoo.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nitakuambia nilichokiona kama ninavyomwambia mwalimu, kwa utaratibu, maana nikikuambia kwa namna nyingine nitalia.

Nilimpelekea mwalimu picha za vifurushi vyote. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hawa wagonjwa wako wanalala chumba kimoja?" Nikadhani anatania. Yeye hatanii. Akaweka kidole kwenye chembe yenye mifuko miwili, picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ipo kwa mke wa dereva. Ipo kwa mama wa mapacha. Ipo kwa mzee wa madaha na kwa mtoto asiyetajwa, na kwa wote kiasi ni kilekile. Nyumba zilizo mbalimbali hazikusanyi vumbi kwa kipimo kimoja, Mama. Maua hayo yalikauka kwenye dirisha moja.

Nikarudi kwenye vifurushi vya Bi Pazia na Fundi Saa. Humo hakuna msonobari hata chembe. Cha Fundi Saa ni mlonge, lakini kina chavua za mwarobaini zilizodondokea tu, kama kila kitu kilichowahi kupita uani kwetu. Unakumbuka ule mwarobaini wetu ulivyokuwa ukidondosha maua mpaka ndani ya ndoo za maji, nawe ukagombana nao kama mtu. Katika vifurushi vya Julai na Septemba sijaona chembe yake hata moja. Nimetafuta siku nzima. Ule mti haupo.

Mama, uko wapi?

Sura natakiwa kuikabidhi kabla ya likizo. Nikiikabidhi ilivyo nitakuwa nimewaandikia watu mtaa usiokuwepo. Mwalimu ananingoja nimjibu na sijamjibu. Nimekwenda kuulizia tiketi ya kurudi. Niandikie ukweli. Usiponiandikia, nakuja kuutafuta mwenyewe.

Na mimi nilikuambia tunakula pamoja na wenzangu. Si kweli. Wao wana lugha yao na vicheko vyao, nikikaribia wanahamia lugha ninayoielewa na vicheko vinaisha. Mchana nakaa kwenye ngazi za maabara na chakula changu, nasoma tangazo lililobandikwa ukutani la nini cha kufanya moto ukitokea. Nalijua kwa moyo.

Macho


25 Novemba 1993

Mwanangu,

Usinunue tiketi. Nalisema kabla ya salamu.

Barua yako niliifungulia nje ya geti la shule, sikuweza kungoja nifike. Karani alinikuta hapo akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, binti yangu amefaulu. Nimezoea, unaona. Mdomo unatangulia.

Walibomoa mwezi wa Mei. Safari hii haikuishia kwenye rangi. Barabara inapita pale ulipokuwa mlango wetu, pana, magari yanakwenda kasi kama yana aibu. Mwarobaini waliung'oa kwa tingatinga. Bi Pazia alichukuliwa na mwanawe, mbali, siku nzima kwa gari. Aliondoka juu ya lori, amekaa kwenye kochi lake kama malkia, mapazia yake kayakunja mapajani. Alisema ataandika. Hajui kuandika, na mimi nilisahau hilo na yeye alisahau, tukaagana hivyo. Fundi Saa hakuna anayejua alikokwenda. Kibanda chake kilikuwa cha mbao, kilibomoka kabla ya chai.

Mimi nilipewa nyumba huku. Palikuwa msitu wa kupandwa, wakakata nusu wakajenga, nusu imesimama. Ndiyo misonobari yako. Nyumba ni nzuri, tena hilo si majivuno. Ina bomba ndani na mlango unafunga. Watu wapo, lakini wanatoka na giza na kurudi na giza. Mchana unasikia upepo tu, unapita kwenye hiyo miti unasema shhh, kama mimi ndiye ninayepiga kelele.

Dawa ya Bi Pazia na ya Fundi Saa ni za kweli. Nyingine zote nilichuma njiani mwenyewe, nikazianika dirishani, nikazisaga, nikazitafutia wagonjwa. Nisipotuma kitu unaniandikia mistari mitatu. Nikituma unaniandikia kurasa, unaniambia kuna mipira na marungu na mashavu. Nikaona basi, nitafute wagonjwa. Yule mzee wa madaha nilimpenda. Nilimfikiria mpaka asubuhi nikawa natoka na kiti nje.

Sikujua kama vumbi linaandika anwani. Ulinieleza, na nilijisifu kwa kila mtu kwamba nimeelewa, lakini sikuelewa. Laiti ningeelewa, ningekwenda kuyaanikia maua mbali. Unaona, hata sasa nawaza nilivyokosea kudanganya badala ya kuwaza nimekudanganya.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, ilivuka bahari, ndiyo maana imekuumiza wewe.

Mwambie mwalimu wako ukweli wote. Mwambie ni mama mmoja na dirisha moja. Aibu yangu nitaibeba, mimi nimebeba masufuria ya bweni. Ila usirudi. Ukirudi sababu yangu, nitamwambia nani kwamba nina mtoto anayesoma?

Mama yako


20 Desemba 1993

Mama,

Shikamoo.

Nilimwambia. Nilisimama, sikukaa. Alisikiliza, kisha akaitoa sura ya tatu kwenye mafungu ya karatasi zangu, akaiweka pembeni, hakuitupa. Akasema dawa mbili hazifanyi mtaa. Akasema nilivyogundua nimegundua vizuri, ila ningefanya vizuri zaidi ningeuliza mwezi wa Agosti, msonobari ulipoonekana kwanza na mimi nikacheka. Ni kweli. Nilikuwa na furaha mno na vifurushi vyako kiasi cha kutouliza. Nitatafuta mtaa mwingine wa kuchunguza, na nitachelewa kumaliza.

Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Huko kwenye misonobari, mama yako ana mtu?" Nikasema sijui. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye karatasi zake.

Tiketi sijanunua. Si kwa sababu umenikataza. Niliwaza kwamba nikija sasa, utakaa na mimi chumbani ukijua umenikatisha masomo, na hapo utakuwa peke yako zaidi na mimi nikiwepo. Labda nakosea. Niliwaza hivyo nikilitazama lile tangazo la moto.

Kwa hiyo sikiliza. Usinitumie kitu tena. Wala maua, wala wagonjwa. Tuma barua tupu, mimi nitaandika kurasa. Nimekuwa mvivu wa mambo yasiyo na hadubini, nitajifunza.

Na nakuomba jambo moja, gonga mlango wa mtu. Mmoja tu. Nikisikia hujagonga, nakuja, na safari hii sitaulizia tiketi, nitaikata.

Macho wako


16 Januari 1994

Macho wangu,

Nimegonga.

Nilingoja Jumamosi, siku ambayo watu huonekana. Nilivaa lile gauni la mahafali yako. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi. Hodi, mimi ni jirani yenu, nina binti ng'ambo, anasoma chavua, chavua ni hivi na hivi, ina mifereji, ina miiba, hata asidi haiiwezi. Nilikuwa nimeipanga vizuri, mwenyewe ningejifungulia.

Mlango wa kwanza walizima redio nilipobisha. Nikasimama kidogo. Hawakuiwasha. Nikaondoka ili wapate kusikiliza redio yao.

Wa pili nilimkuta mama mmoja nyuma ya nyumba, wa rika langu, anafua shuka. Sikubisha, nilikohoa.

"Unauza nini?" akaniuliza, hata hakuinuka.

"Siuzi."

"Unahubiri?"

"Sihubiri."

"Basi una shida."

"Nakaa nyumba ile ya mwisho."

"Ndiyo shida hiyo," akasema. "Mimi ya pili kutoka mwisho."

Akasuuza. Nikasimama. Mikono yake imepauka kwa sabuni, nadhani hufulia watu, maana mashuka yalikuwa mengi na nyumba haina kelele za kuyachafua. Upepo ukapita juu yetu na ule wimbo wake wa kunyamazisha watu. Nikaona atarudi kwenye kazi yake nami nitarudi kwangu, nami nitakuwa nimegonga, neno langu kwako limetimia.

Kisha akaniuliza, "Una watoto?"

Mwanangu, unajua nilivyo. Mlango wenyewe ndio huo umefunguliwa. Nilivuta pumzi, na maneno yote yalikuwa hapa kooni, yamejipanga kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Nikamtazama alivyoinamisha kichwa kungoja jibu. Nikasema, "Ninaye mmoja. Yuko mbali."

Nikaishia hapo. Sijui kilichonipata. Haikuwa aibu yako wala yangu. Ni kwamba nilipolisema hivyo, tupu, niliona ndiyo habari yenyewe, zile nyingine ni nguo nilizokuwa nakuvisha ili nisiione.

Yeye akasema, "Wangu wawili. Mbali vilevile."

Hakuuliza wangu yuko wapi wala anafanya nini. Mimi sikuuliza wake. Akatoa shuka kwenye beseni, zito, linatiririka, akatafuta ncha yake, akanisogezea.

"Shika upande huo," akasema. "Mtu mmoja halikamui."

Nikashika. Yeye akazungusha huku, mimi kule. Maji yakatoka mengi, mpaka kwenye viatu vyangu na pindo la gauni la mahafali. Tukaanika hilo, tukakamua lingine. Alisema misonobari inamchafulia nguo, kuna vumbi la manjano likianza linabaki kwenye kila shuka. Maneno ya chavua yalinijaa mdomoni, lakini nilikaza kamba.

Jina langu hakuniuliza. Sikumpa. Alisema hufua Jumamosi. Hakusema njoo, hakusema usije.

Sijui kama huyo ni mtu, kama alivyouliza mwalimu wako. Ni upande wa pili wa shuka, mpaka sasa. Leo Jumapili nimekaa ndani, kimya kile kile. Mikono inaniuma mahali ambapo haikuwa ikiuma, nimeikunja mapajani naitazama.

Usije bado. Maliza.

Mama yako